Sura ya Sita: Kwanza Mlango, Kisha Mota

Fundi anayefunga mota za milango ya gereji mjini Nairobi huulizwa swali moja kuliko yote: mashine ya nguvu kiasi gani itatosha kuuinua mlango wangu? Muulizaji ameshatembea madukani, ameshalinganisha mota ya nyutoni 600 na ile ya nyutoni 1,000, na anaelekea kuchukua kubwa ili alale usingizi. Ningependa aanzie kwingine. Mlango wa gereji wa kupanda juu, ukifungwa inavyopaswa, haubebwi na mota. Unabebwa na springi. Mlango wa kilo 80 uliosawazishwa vizuri, bibi wa miaka 70 ataufungua kwa mkono mmoja na kikapu chake hakitatoka mkono wa pili. Mota huupa mwendo, huuongoza, kisha huusimamisha panapotakiwa. Anayenunua mota kubwa ili ipambane na mlango mzito amenunua nguvu ya kuficha ubovu, na nguvu hiyo haitambui kama kilicho chini ya mlango ni upepo, boneti ya gari au mtoto.

Upper Hill ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu kilima hiki kimekusanya karibu kila namna ya mlango wa gari iliyowahi kutumika jijini. Reli ilipofika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, stesheni iliwekwa kwenye tambarare yenye majimaji, na maofisa wa Kizungu wa reli wakapanda kwenye mwinuko wa magharibi kutafuta pakavu. Wakajengewa nyumba za chini zenye uwanja mpana. Mitaa ya huko ingali na majina ya milima: Elgon, Masaba, Menengai, Longonot, Chyulu, Kilimanjaro. Magari yalipozidi, gereji zilijengwa pembeni, mbali kidogo na nyumba, zenye mlango wa mbao wa mabawa mawili na komeo la chuma. Kuanzia miaka ya 1990 ofisi zilianza kupanda kilima, na leo jengo la UAP Old Mutual la ghorofa 33 na lile la Britam la mita 200, lililokamilika mwaka 2017, yanatazama chini kwenye mapaa machache ya zamani yaliyobaki. Kwa hiyo ukishuka kwa miguu kutoka Hospitali Kuu ya Kenyatta kuelekea Barabara ya Haile Selassie utapita shata za maegesho ya chini ya ardhi, mageti ya kuteleza ya nyumba za ghorofa, vizuizi vya mkono mmoja vya ofisi, na hapa na pale gereji kuukuu ambayo mwenyewe sasa anataka ifunguke kwa rimoti.

Huyo wa mwisho ndiye mwenye kazi kubwa. Bawa la mbao lililoning'inia kwenye bawaba kwa miongo kadhaa limelegea, limevimba kwa mvua za Aprili, na pembe yake ya chini inakwaruza sakafu. Ziko mota za mkono zinazoweza kusukuma mabawa ya namna hiyo, lakini bawa linalokwaruza litaimaliza mashine yoyote. Halafu kuna upana. Gari kama Prado lina karibu mita 1.9 bila kuhesabu vioo vya pembeni, na gereji nyingi za kale zilipimwa kwa magari membamba zaidi. Pima upana wa mwanya, pima kimo chake, kisha pima nafasi kati ya linta na dari. Mlango wa vipande unahitaji takriban sentimita 30 juu ya mwanya ili upinde na kulala chini ya dari, na reli ya mota inataka nafasi yake juu ya hapo. Mwenye linta iliyo karibu na paa ajue mapema kwamba atalazimika kuchagua shata inayojiviringisha, au springi na reli za aina maalumu, kabla hajalipa arubuni.

Mlango huo wa vipande ulibuniwa mwaka 1921 na Mmarekani C. G. Johnson, ambaye miaka mitano baadaye aliutengenezea pia mota. Uzuri wa wazo lake ni kwamba mlango ulikoma kudai uwanja wa kufungukia. Na kwa sababu sasa ulikuwa unapanda, ulihitaji kitu cha kuubeba kila unapopanda.

Kitu hicho ni springi, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Springi ni za aina mbili. Aina ya kwanza hulala juu ya linta ikiwa imezunguka fito ya chuma. Mlango unaposhuka, kebo mbili za pembeni huizungusha fito na springi hujikaza. Mlango unapopanda, springi hulegea na kurudisha nguvu ile ile iliyoikopa. Aina ya pili hunyooka sambamba na reli za pembeni na kuvuta kupitia kapi. Hii ya pili lazima ipitishiwe kebo ya usalama katikati, kwa kuwa ikikatika bila kebo huruka kama mshale ndani ya gereji. Ile ya kwanza nayo ina hatari yake. Mlango wa kimo cha mita 2.1 huhitaji springi ikazwe karibu mizunguko saba na nusu, na nguvu iliyofungiwa humo inatosha kuvunja mkono. Hukazwa kwa fimbo mbili za chuma zinazoingia barabara kwenye matundu yake, kwa zamu, moja ikishika wakati nyingine inazungusha. Ukimwona mtu anakaza kwa kipande cha nondo na bisibisi, msimamishe, hata kama ameletwa na ndugu yako. Na kwa mwenye nyumba ushauri wangu hauna masharti: mengine mengi katika sura hii unaweza kuyafanya mwenyewe ukiwa na ngazi na spana, ila springi mwachie aliyefundishwa.

Springi ya kawaida hukadiriwa kudumu mizunguko 10,000 ya kufungua na kufunga. Familia inayofungua mlango mara nne kwa siku itaimaliza kwa takriban miaka saba. Nyumba iliyogeuzwa ofisi, ambayo gari huingia na kutoka mara 20 kwa siku, itaimaliza kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Tofauti hiyo haisemwi dukani, na ndiyo sababu mtu hulalamika kwamba mota yake imeharibika mapema wakati mota haina kosa.

Kupima usawa hakuhitaji chombo. Funga mlango, achanisha mota ikiwa tayari ipo, kisha uinue kwa mkono hadi kiunoni na uuachie taratibu. Ukitulia pale pale, springi ziko sawa. Ukiporomoka, springi zimechoka. Ukipaa wenyewe, zimekazwa kupita kiasi. Fundi mzuri huanza na kipimo hiki kabla ya kufungua kasha la mota. Humwambia mwenye nyumba, "Mama, hebu uinue mwenyewe nione," na mama akishindwa, kazi ya siku hiyo inakuwa ya springi na rola, mota inangoja. Fundi wa namna hiyo mlipe vizuri na uiweke namba yake.

Sheria hii, kwamba springi ndiyo hubeba mlango, ina mipaka. Shata nyingi za umeme huficha mota ndani ya bomba ambalo mabati hujiviringisha juu yake, na hapo mota ndiyo hubeba uzito. Kwa hiyo usiulize springi. Uliza breki ya kuzuia mlango usianguke iwapo gia itavunjika, na usikubali kufungiwa isiyo nayo. Geti la kuteleza nalo hubebwa na magurudumu juu ya reli ya sakafuni, na Upper Hill, kama jina linavyokiri, ni mteremko. Reli iliyofuata mteremko wa barabara huifanya mota ipandishe chuma cha kilo 400 kila asubuhi, na siku mota ikiachanishwa geti hushuka lenyewe. Reli hulazwa kwa pima maji hata kama itadai kujengewa msingi upande mmoja. Kabla ya yote, kila mwisho wa reli uwe na kizuizi cha chuma kilichozamishwa kwenye zege. Geti lisilo na kizuizi hutoka nje ya nguzo zake na kumwangukia aliyelisukuma, na mara nyingi huyo ni soja au mtoto aliyekuwa akicheza. Kizuizi ni kipande cha chuma cha angle na mfuko mdogo wa saruji. Sijui kitu kingine katika ujenzi wa nyumba kinacholinda uhai kwa bei ndogo kama hiyo.

Turudi gerejini. Mota ya kawaida huning'inia darini katikati ya chumba, na reli ndefu hutoka kwake hadi juu ya mlango. Ndani ya reli cheni au mkanda huvuta kigari kidogo, na mkono wa chuma huunganisha kigari na mlango. Ncha ya mbele ya reli ndiyo hupokea mvuto wote, kwa hiyo haifai kushikwa na parafujo mbili zilizopigwa kwenye plasta. Katika kuta za mawe za nyumba za zamani tundu litobolewe kwenye jiwe lenyewe au kwenye linta ya zege, kwa kuwa chokaa ya maungio imeshachoka na hubomoka mbele ya keekee. Mota haining'inizwi kwenye silingi bodi. Vyuma vyake vifike kwenye mbao za paa. Pale mkono wa chuma unaposhika mlango, bati liongezewe mwamba wa chuma kwa ndani, la sivyo baada ya miezi michache bati litapasuka kama karatasi iliyolowa. Na jambo dogo linalosahaulika sana: ng'oa komeo la zamani, au lifunge lisiweze kusogea. Atatokea mtu aliyelisokomeza usiku kwa mazoea, na asubuhi mwingine atabonyeza rimoti, na mlango mpya utakunjika kabla hajamaliza kushangaa.

Kisha inakuja hatua ya kuifundisha mota mahali pa kusimama na nguvu ya kutumia. Hapa kazi nyingi njema huharibika. Mlango unakwama katikati, fundi ana haraka ya kwenda kwingine, naye anazungusha kitufe cha nguvu hadi mlango upite. Kukwama kule kulikuwa taarifa. Rola moja imepinda, au reli ya pembeni haiko wima, au springi haijafika kiasi. Nguvu iwekwe ya chini kabisa inayowezesha mlango kwenda na kurudi, na ikibidi kuiongeza, sababu itafutwe kwanza.

Marekani ilijifunza somo hili kwa misiba. Katika miaka ya 1980 watoto wengi walikufa huko wakiwa wamebanwa chini ya milango ya gereji ya umeme, baadhi wakiwa katika mchezo wa kubonyeza kitufe na kupita kabla mlango haujafika chini. Mwaka 1990 Bunge lao likapitisha sheria, na kila mota ya nyumbani iliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993 ikalazimika kuwa na njia ya pili ya kutambua kizuizi, mbali na kujirudisha inapogusa kitu. Njia iliyozoeleka ni macho mawili yanayotazamana kutoka upande mmoja wa mlango hadi wa pili, yakitumiana mwali usioonekana. Mwali ukikatika mlango hurudi juu. Huko hufungwa kimo kisichozidi sentimita 15 kutoka sakafuni, mahali mtoto anayetambaa hawezi kupita bila kuonekana.

Mjini kwetu macho hayo mara nyingi huuzwa kama nyongeza, na nyongeza ndiyo ya kwanza kukatwa bei inapojadiliwa. Nimesikia mafundi wakimwambia mteja kwamba yanasumbua, yanaingia vumbi, buibui anajenga mbele yake. Ni kweli buibui hujenga. Kitambaa kikavu kila mwisho wa mwezi kinamaliza shauri hilo. Mteja akisema fedha hazitoshi macho na mota kwa pamoja, basi mota ingoje mwezi ujao. Siandiki hivi kwa ukali. Naandika kwa sababu katika mitaa yetu uwanja wa gereji ndio uwanja wa mpira wa watoto, na mlango ukishuka wao hawako mbali.

Jaribio la mwisho ni la ubao. Fungua mlango, laza chini yake kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 4, kisha funga. Mlango ukigusa ubao lazima urudi juu ndani ya sekunde mbili. Ukibaki umeukandamiza, kazi haijaisha na fundi hajaondoka. Rudia jaribio kila mwezi. Linachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Kuhusu rimoti, Afrika ina mchango ambao ungestahili kujulikana zaidi. Rimoti za mwanzo zilituma namba moja ile ile siku zote, na mwizi aliyekaa ng'ambo ya barabara na kipokezi chake aliweza kuinasa na kuirudia. Katikati ya miaka ya 1980, kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini ilibuni mfumo unaoitwa KeeLoq. Rimoti na kipokezi huweka siri moja na hesabu moja, na kila ukibonyeza, namba inayotumwa ni mpya. Namba iliyokwisha tumika haifungui tena. Kampuni ya Marekani ya Microchip iliununua mfumo huo mwaka 1995, ukaenea katika magari na mageti ya dunia. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum walionyesha namna ya kuuvunja, kwa hiyo mifumo mipya zaidi imeshatokea, lakini hata huo wa zamani ni bora mara nyingi kuliko rimoti ya namba isiyobadilika, ambayo hunakiliwa kwa dakika chache. Muulize muuzaji neno moja tu: namba inabadilika au haibadiliki? Na ukihamia nyumba yenye mota tayari, futa rimoti zote kwenye kumbukumbu ya kipokezi na uanze upya na zako. Huwezi kujua mpangaji aliyetangulia alizigawa kwa nani.

Sasa stima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Majumba marefu ya Upper Hill yana jenereta. Nyumba iliyo nyuma yake haina, na mota isiyo na betri usiku kama huo ni kufuli. California waliona matokeo yake mwaka 2017, pale moto wa nyika ulipokata umeme na baadhi ya watu wakashindwa kutoa magari yao gerejini. Tangu tarehe 1 Julai 2019 mota ya gereji haiuzwi huko bila betri. Sisi hatuhitaji kungoja sheria. Nunua mota ya volti 24 yenye betri zake, na ujue kwamba betri za asidi hudumu miaka miwili au mitatu hivi. Zizimie umeme wa ukutani mara moja kwa mwezi uone kama mlango bado unapanda. Soketi ya mota ifungwe na fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, iwe na erthi ya kweli, na ipewe kifaa cha kuzuia umeme unaoruka, kwa sababu kinachoua saketi za mota ni ile dakika stima inaporudi. Matundu ya kasha la geti la nje yazibwe. Sisimizi na mijusi hupenda joto la humo, na mjusi mmoja aliyekatiza kati ya waya mbili hugharimu bodi nzima.

Kamba nyekundu inayoning'inia kutoka kwenye kigari ndiyo huachanisha mlango na mota. Kila aliye nyumbani aivute angalau mara moja mchana, mlango ukiwa umefungwa, ili usiku wa giza mkono uijue. Mlango ukiwa wazi isivutwe, maana kama springi imekatika utashuka wote kwa mpigo. Watoto waonyeshwe, dada wa kazi aonyeshwe, na soja zaidi ya wote. Mota haijamwondoa soja Upper Hill. Imemtoa kwenye mvua na kumvisha rimoti shingoni, na tangu bomu lililolipua ubalozi wa Marekani Agosti 1998 pale chini ya kilima, yeye ndiye husimama katikati ya mwanya akipitisha kioo chini ya gari, penye hatari ya geti kumfungia. Afundishwe namna ya kulisimamisha, na alindwe na macho yale yale yanayowalinda watoto.

Gereji isiyo na mlango mwingine inahitaji pia kufuli la nje, lenye ufunguo unaovuta kebo ya kuachanisha kutoka upande wa barabarani. Lifungwe siku ile ile ya mota. Ufunguo wake mmoja akae nao mwenye nyumba, na wa pili uwekwe kwa jirani au kwa soja, popote ila ndani ya gereji.